Glavu za Kushukia Mlali

Mgeta, 20 Mei 1990

Baba Mansuri,

Shikamoo. Na Mama Mwanahawa umpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, nisije nikaonekana nimesahau adabu za nyumba iliyonilisha miaka miwili nilipokuwa nasomea uuguzi hapo mjini.

Mimi mzima. Zahanati yetu ndiyo mgonjwa: friji la mafuta ya taa limekufa, na chanjo haziwezi kulala huku. Kwa hiyo kila Alhamisi alfajiri nateremka kwa baiskeli hadi kituo cha afya Mlali, nachukua kisanduku cha baridi chenye chanjo, nakifunga kwenye keria, halafu napanda nacho. Kupanda ni kusukuma tu. Kushuka ndiko kwenye kazi. Kipupwe kimeanza mapema mwaka huu, ukungu unalala barabarani mpaka saa nne, na upepo wa kwenye mteremko unapita mifupani. Nikifika kona ya tano vidole vimekufa kabisa. Naviona vimeshika breki, lakini sivisikii.

Nimejaribu kuvaa soksi mikononi. Zinalowa, zinateleza, na watoto wananicheka. Hapo mjini nasikia marobota ya mitumba yanafunguliwa kila wiki. Je, hakuna glavu humo? Usihangaike sana. Hakuna lililonipata zaidi ya baridi.

Barua hii anaileta Athanas, dereva wa lori la kabichi. Ni mtu wa kuaminika, ila mwambie ale kabla hajaondoka.

Mwanenu,
Winfrida


Morogoro Mjini, 29 Mei 1990

Winfrida mwanangu,

Marahaba. Athanas amekula, na amekula vizuri.

Glavu zipo. Siku hizi kila kitu ruksa, na Wazungu wanatuletea hata nguo za kuchezea barafu. Nimeshika jozi kama kumi pale sokoni. Za kufuma zitakunywa maji kama soksi zako. Zile nene zimejaa pamba kama mto, ukizivaa huwezi kushika hata kijiko, sembuse breki. Hazikufai. Nitakushonea mwenyewe.

Nina koti la ngozi ambalo mgongo umepasuka lakini mikono bado mizima. Hiyo ndiyo itakuwa nje. Ndani nitaweka sufu ya sweta. Nipe vipimo vya mkono wako, na uniambie breki unaishika kwa vidole vingapi. Fundi anayeshona bila kuuliza anashona kwa ajili ya mtu mwingine.

Mama yako anakusalimu. Anasema ule.

Mansuri


Mgeta, 5 Juni 1990

Baba,

Shikamoo. Nimeweka mkono juu ya karatasi ya daftari la kliniki na kuuchora kwa kalamu kidole kwa kidole, kama ulivyonifundisha kupima mguu wa suruali. Mchoro huo hapo. Kidole cha mwisho kimepinda kidogo kwa sababu kalamu iliteleza, mimi mwenyewe sijapinda.

Breki nashika kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Vingine vinashika usukani.

Winfrida


Morogoro Mjini, 12 Juni 1990

Mwanangu,

Mchoro umefika, lakini karatasi haina unene na mkono una unene. Chukua uzi. Pima kila kidole urefu, na kinapoishia funga fundo. Halafu pima mzunguko wa kila kidole, na mzunguko wa kiganja, na wa kifundo cha mkono, kila kimoja na uzi wake. Uzi wa kidole gumba ufunge mafundo mawili nisiuchanganye.

Usinitumie karatasi tena. Nitumie uzi.

Mansuri


Morogoro Mjini, 1 Julai 1990

Winfrida,

Nyuzi zako zilifika zote, na hakuna hata moja iliyokuwa na kosa. Kesho kutwa ni Idd el-Hajj. Sikukuu ni yetu, lakini zawadi inapanda mlima kuja kwako.

Utaona glavu zina vyumba vitatu, si vitano. Gumba peke yake. Vidole viwili vya breki pamoja, vipashane joto. Viwili vya usukani pamoja. Mshono nimeupeleka juu, upande wa mgongo wa mkono, usikuchubue unapobana breki. Kwenye kiganja nimeshonea kipande cha tyubu ya baiskeli ili usiteleze. Mkono wa glavu ni mrefu, uuvute chini ya sweta, mvua ipite juu yake.

Paka mafuta ya nazi kwenye ngozi kila wiki. Ukinisikiliza zitakaa miaka.

Mansuri


Mgeta, 12 Julai 1990

Baba Mansuri na Mama Mwanahawa,

Shikamooni, na Idd njema ingawa imeshapita. Kikapu cha njegere na viazi alichobeba Athanas ni cha sikukuu. Pikeni mle wenyewe, msigawe chote.

Baba, sijui nianze wapi. Nimevaa glavu Alhamisi mbili sasa. Nilipofika kona ya tano nilisimama kando ya barabara bila sababu, nikawa nachezesha vidole kama mtoto aliyejigundua. Nilivisikia vyote. Nilisikia hadi waya wa breki unavyokaza. Mkono wa mtu unaingia mle ndani kama vile ulizaliwa humo. Nimezikagua mshono kwa mshono, sijaona mahali ambapo sindano imerudia. Mikaeli, katekista wetu, alizivaa, akakunja na kukunjua vidole, kisha akaniuliza aliyezishona anasali wapi. Nikamwambia msikitini. Akasema basi Mungu yupo na huko.

Lakini nimeona jambo lingine ambalo lazima niwaambie. Jumamosi tulipanda na Mikaeli hadi vitongoji vya juu kabisa, karibu na uwanda wa Lukwangule, maana kuna habari za surua. Tulitokea kwenye ukingo jua likianza kuchomoza. Nyasi zote zilikuwa nyeupe. Nilidhani ni majivu, kwamba watu wamechoma. Nikavua glavu nikagusa, nikaondoka na barafu kwenye ncha ya kidole, nyembamba kama kioo cha saa. Uwanda mzima, Baba, ulikuwa unang'aa. Mikaeli alivua kofia. Nimezaliwa katika milima hii na sikuwahi kuambiwa kwamba inafanya hivyo. Jua lilipopanda kidogo tu, ikawa nyasi za kawaida zenye maji.

Surua ni kweli ipo. Watoto wawili wametutoka. Sasa sitasubiri Alhamisi, nitashuka kila chanjo zinapopatikana. Ninachokosa ni koti la mvua la kuendeshea. Nililonalo linaingia kwenye cheni. Kama utaweza, liwe jekundu, ili madereva wa malori wanione kwenye ukungu.

Winfrida


Morogoro Mjini, 24 Julai 1990

Mwanangu,

Habari ya barafu nimesomewa mara tatu. Poleni kwa watoto.

Koti hilo hapo. Halina mikono kama makoti mengine. Mbele linaenda mpaka usukani, na kuna vitanzi viwili vya kupitisha vidole gumba, ukishika usukani linakuwa kama paa juu ya mapaja yako. Nyuma ni fupi, limekatwa kwa kupinda, cheni isilione. Chini nimeweka uzito wa sarafu za zamani zisizonunua kitu, upepo usilinyanyue likakufunika uso. Nimelishona kwa makoti matatu ya nailoni ya mitumba. Ni jekundu tupu, kama ulivyoagiza.

Endesha polepole.

Mansuri


Mgeta, 9 Agosti 1990

Baba,

Shikamoo. Leo ndiyo nimepata nafasi ya kukaa.

Jumatatu ya wiki iliyopita niliteremka kwenye mvua ambayo si ya msimu huu. Lori moja lilikwama kwenye tope, kwa hiyo hakuna gari lililopanda wala kushuka, na mimi nikapita pembeni nimebeba baiskeli begani. Paa lako halikuvuja. Nilipakia kisanduku Mlali saa tatu. Barafu ya kwenye kisanduku inadumu siku hiyo tu, na vitongoji vya juu ni mbali. Nilisukuma. Pale penye utelezi Mikaeli alikuja kunipokea, tukazungushia tairi kamba ya katani ili lishike udongo. Ilishika.

Tulifika juu saa tisa. Ukungu ulikuwa umefunga, huoni hatua kumi. Nikasema hakuna mtu, wamekata tamaa wamerudi makwao. Mikaeli akagonga kengele ya kigango mara moja. Halafu nikaanza kusikia watoto wanakohoa. Hapa wawili, pale watatu, kila upande. Ukungu ulipopanda kidogo nikaona akina mama wamekaa kwenye nyasi mteremko mzima, wamejifunika khanga na mablanketi, kimya, watoto migongoni. Walikuwa hapo tangu asubuhi. Mama mmoja mzee aliniambia, "Tulijua utakuja, nesi. Tulisikia breki zako asubuhi ukiteremka bonde la chini." Nilichanja watoto mia moja na arobaini. Mikono yangu ilikuwa na joto, sindano haikutetemeka hata mara moja. Sijapoteza mtoto mwingine tangu siku ile.

Nilitaka ulijue hilo wewe kwanza.

Koti nalo limenipa jina. Naitwa Kasuku. Mgongo wa kijani, bega la njano, na wekundu kidogo tu upande wa kushoto. Kama ulinitania, umenipata. Madereva wananiona tangu mbali na kupiga honi.

Winfrida


Morogoro Mjini, 16 Agosti 1990

Winfrida,

Haya ni maneno yangu mimi, Mwanahawa. Yeye yuko msikitini na hajui kwamba naandika.

Mwanangu, barua zote ulizopata mwaka huu nimeziandika mimi. Yeye anasema, mimi naandika. Na zako namsomea mimi. Baba yako haoni. Ilianza kama moshi kwenye jicho la kulia, miaka minne iliyopita, baada ya wewe kuondoka. Sasa moshi uko yote mawili. Anaona mwanga wa mlango, anaona kivuli cha mtu, basi. Sokoni hakuna anayejua. Nakwenda naye nimebeba kikapu, namwambia kwa sauti ya chini "hatua, mtaro, baiskeli inakuja," na watu wanadhani tunapenda kutembea pamoja. Kukata nguo mpya ameacha. Anasema amechoka na mitindo ya vijana.

Glavu zako alizishona kwa kupapasa zile nyuzi. Wiki tatu. Alizifumua mara nne. Alikuwa anavaa moja mkononi mwake, ikimbana, anafumba macho kana kwamba kuna tofauti, anasema, "Hapa atabana breki. Hapa." Sikuwahi kumwona hivyo tangu tulipooana.

Siku ya koti, aliniambia niandike "jekundu tupu." Niliandika, na kitambaa cha kijani kilikuwa kimelala mapajani mwangu. Sikuweza kumwambia. Na barua yako ya Kasuku nilipomsomea, mstari ule niliuruka.

Wewe ni mtu wa hospitali. Niambie kama kuna la kufanya. Ila usimwambie nimekuambia.

Mama yako,
Mwanahawa


Mgeta, 23 Agosti 1990

Baba Mansuri,

Shikamoo. Anayekusomea barua hii asiruke mstari hata mmoja. Mama, nakuomba.

Baba, mchoro wa mkono wangu ulikushinda lakini nyuzi ukazisoma. Koti uliloliita jekundu lina rangi tatu. Mimi ni nesi, nilipaswa kuelewa zamani, nikadhani ni utani. Hakuna aliyekusaliti. Nimejumlisha mwenyewe.

Na mimi nina la kukiri. Nilipokuandikia mara ya kwanza nilisema hakuna lililonipata zaidi ya baridi. Si kweli. Wiki mbili kabla ya hapo vidole vilikufa kwenye mteremko, breki sikuishika, nikaruka na baiskeli hadi kwenye korongo. Nilipata ufa kwenye mfupa wa mtulinga. Niliificha habari hiyo kwa sababu mngeniambia niache, na kwa sababu niliogopa. Kila kona niliiogopa hadi ulipozileta glavu. Kwa hiyo najua mtu anavyoficha jambo ili aendelee kufanya kazi yake. Sikucheki.

Moshi ulio machoni mwako, kama ni ule ninaoudhania, unaitwa mtoto wa jicho. Unaondolewa. Mwezi wa kumi madaktari wa macho watakuja siku tatu kwenye hospitali ya misheni hapo mjini. Nenda.

Winfrida


Morogoro Mjini, 3 Septemba 1990

Winfrida,

Nimesomewa. Yote.

Nguo nikiikata vibaya natafuta nyingine sokoni. Jicho likikatwa vibaya nitalitafuta kwenye robota gani? Kaka yangu Rehani alipelekwa kwa mtu akamwagiwa dawa machoni, akatoka haoni hata mwanga. Mimi mwanga wa mlango ninao. Kwa huo na kwa vidole vyangu nimekushonea vitu viwili ambavyo unasema vimekufaa. Inatosha.

Watu wanamjua fundi Mansuri kwa jicho lake. Wakijua, wataondoka. Usiniandikie tena habari hii.

Mansuri


Mgeta, 4 Oktoba 1990

Baba,

Shikamoo. Sina ahadi ya kukupa. Wengi wanaona, wachache hawaoni. Nikikuambia vingine nitakuwa nakudanganya, na tumeshadanganyana vya kutosha mwaka huu.

Jumapili baada ya misa nateremka, na safari hii sitaishia Mlali. Nakuja mpaka kwako kwa baiskeli. Jumatatu madaktari wanaanza kupokea watu. Ukisema twende, nitakaa foleni na wewe. Ukisema hapana, nitakula wali wa Mama, nitakusalimu, nitarudi kazini, na sitataja tena.

Winfrida


Morogoro Mjini, 30 Novemba 1990

Winfrida mwanangu,

Marahaba, kwa ile shikamoo nitakayokueleza mbele.

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Mama yako amekatazwa kushika kalamu. Mistari inapanda na kushuka, lakini naiona inavyopanda na kushuka.

Ulikuja umelowa, ukakaa sakafuni badala ya kwenye kiti. Nilisubiri unishawishi, hukunishawishi. Ulikula, ukamsifia Mama chakula, ukaenda kulala. Asubuhi nilijikuta nimeshavaa viatu. Foleni tulikaa siku mbili, na siku yangu ilipofika ilikuwa Jumatano, wewe ukawa huna budi kuondoka uwahi chanjo za Alhamisi. Nilikuambia nenda. Nilipolala pale juu ya kitanda chao niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, na nilikuwa nawaza vidole vyako kwenye ile kona ya tano.

Wamefanya jicho la kulia. Kesho yake walifungua bandeji, wakanivalisha miwani minene kama kitako cha chupa. Kwanza niliona vifungo vya koti la daktari. Vinne, na kimoja kimeshonwa kwa uzi usiofanana. Kisha nikamwona mama yako. Nywele zake nyeupe zote, Winfrida. Miaka minne nimelala karibu naye na sikujua.

Nikamwuliza, "Umezeeka lini?"

Akasema, "Ulipokuwa huangalii."

Alicheka, halafu akalia, halafu akanipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Tulitoka nje. Mimi nimezaliwa chini ya Uluguru, nimekaa chini yake miaka hamsini na tisa, na naweza kukuambia kwamba sikuwa nimeuona. Nilipokuwa naona nilikuwa naangalia nguo. Siku ile niliinua kichwa nikaona kijani kinapanda, juu yake kijani kingine cheusi zaidi, juu yake mwamba, na mstari mweupe wa maji unaanguka bila sauti, na juu ya vyote wingu limekaa, na wingu likisogea mlima unaendelea. Shingo iliniuma. Watu walitupita, wanaharakisha kwenda Msamvu kuwahi mabasi, hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Nilitaka kuwashika mashati.

Lakini mama yako akaniambia kwamba huo si upande wako, kwamba barabara yako iko nyuma, huwezi kuiona ukiwa mjini. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo sikukuandikia. Nilisubiri jicho lipone. Alhamisi iliyopita nilipanda lori la Athanas hadi Mlali, tukafika saa moja asubuhi. Nilikaa na wazee watano kwenye magunia ya kabichi, kofia nimeivuta mpaka kwenye miwani, nikatazama juu.

Winfrida, nilidhani nimeelewa. Uliandika mteremko, uliandika kona, nami nikashona kwa ajili ya mteremko na kona. Sikujua ni ukuta. Sikujua kwamba barabara imening'inia kwenye ubavu wa mlima kama uzi uliochomoka kwenye pindo, na chini yake hakuna kitu. Nilikaa nikifikiri, nani alimwambia binti huyu kwamba kule kunapandika? Na ningejua, ningemshonea kitu, au ningemwandikia mama yake mzazi amfungie ndani?

Ulianza kama nukta. Mzee mmoja akasema, "Nesi huyo." Nukta ikaingia kwenye ukungu, ikatokea chini zaidi. Ikapotea kwenye kona, nikazuia pumzi, ikatokea. Nilihesabu kona kama mtu anayehesabu rakaa. Ulikuwa umesimama juu ya pedeli, mgongo umenyooka, hukuyumba hata mara moja. Sikuwahi kumwona mtu akishuka namna ile. Mwewe nimemwona. Mtu sijamwona.

Ulipofika uliegemeza baiskeli hatua tano kutoka nilipokuwa nimekaa. Ulitusalimu, "Shikamooni wazee." Tukaitikia wote sita. Sauti yangu ilitoka vibaya, na ndani ya miwani kulikuwa na maji, nikainamisha kichwa. Nisamehe. Nilikuja kukuita kwa jina lako na sikuweza. Uliingia kituoni, ukatoka na kisanduku, ukakifunga kwenye keria, ukavuta kamba mara mbili kuhakikisha. Kisha ukaanza kusukuma kupanda.

Baada ya muda Athanas akaja, akasema kabichi zimeshapakiwa, twende.

Nikamwambia asubiri kwanza, bado anaonekana.

Baba yako,
Mansuri